Mahamri ya Alfajiri

Kadzo, muuza mahamri wa Makadara, alikuwa mkali kama pilipili, ila kwa bintiye Mapenzi alikuwa pamba. Mwaka wa tisini na sita, Mapenzi alibakwa kichochoroni alfajiri. Tangu hapo majirani walikuja barazani wenyewe na sahani zao, jua likishachomoza. Asubuhi moja jirani akauliza, eti kwa huruma:

“Mama Mapenzi, kwani mtoto alikuwa akitafuta nini njiani saa zile?”

Kadzo akaepua karai. Akamkalisha bintiye ubavuni, akamfunika leso yake, akampangusa machozi kwa mkono uliojaa unga.

“Alikuwa akiwaletea nyinyi mahamri majumbani,” akasema, “maana mliniambia mwaogopa kutoka na kiza.”