Kufuli la Mbotela Kule Mlimani

Habari ilinifikia Jumapili nikitoka kanisani: yule dereva mstaafu wa mtaa wetu wa Mbotela, aliyekuwa na nyumba ya magurudumu, ametutoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi, leo niwieni radhi, siasa ingoje. Nataka kuandika juu ya hofu, maana niliijua vizuri nikiwa na mzee huyo.

Miaka ya themanini ikianza, alinunua karavani kuukuu, akaifunga nyuma ya pikapu yake, na mtaa mzima ukamcheka. "Mbuga ni za wazungu, mzee!" Naye akawajibu, "Na mlima nao waliuleta wao?" Akamchukua mkewe, akanialika mimi jirani, tukapanda hadi mbuga ya Mlima Kenya. Asubuhi ya pili tulimwacha mkewe amelala, tukaenda kijitoni kuteka maji. Kurudi, tukamkuta ndovu ameegemea karavani anaisukuma, amenusa ndizi mbivu zilizokuwa ndani. "Mbona mama hatoki, na mlango uko upande wetu?" nikanong'ona. Mzee akapapasa mfuko wa suruali, uso ukamsawijika. Alikuwa amefunga kufuli kwa nje. Mbotela hata ukienda mferejini unafunga, na mkono wake ulikuwa umefunga bila kumwuliza. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Karavani iliinama, masufuria yakaporomoka. "Baba Watoto, nifungulie!" Nakiri hapa kwamba sikusogea hata hatua moja. Mzee alikwenda, ufunguo mkononi, anasema polepole, "Nakuja, mama. Nakuja." Ndipo dirisha la nyuma likafunguka na ndizi zikatupwa nje, kichana baada ya kichana. Ndovu akazifuata. Mzee akafungua kufuli, mama akatoka, akamgeukia mumewe. "Uliogopa nitaibiwa?" Hatukuweza kucheka.

Tangu hapo nimeona mitaa yetu ikiongeza vyuma madirishani kila mwaka, nami nimesifu. Jana jioni nilikwenda kumpa mama pole, nikakuta mlango uko wazi. "Tangu mlimani hakunifungia tena," aliniambia. Kufuli halichagui: linamzuia mwizi nje, na linamzuia umpendaye ndani. Nilirudi nyumbani nikiwaza hayo, nikafungua makufuli mawili niliyoyafunga kwa nje wakati wa kutoka. Mke wangu alikuwa ndani, anashona.