Dresa na Marhamu ya Ukurutu

Niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na kinyozi. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, katika dispensari ya Bagamoyo, na daktari alikuwa ameleta marhamu mpya ya ukurutu. Mzee Shomari, kinyozi, alikuja na vidole vilivyopasuka kwa sabuni. Nikampa tyubu yake na kumkaripia mbele ya foleni nzima: "Paka kidogo, penye ukurutu tu, siku saba basi. Hii ni dawa, si mafuta ya nazi!" Watu wakacheka.

Mimi nami nilikuwa na baka la mviringo likiniwasha shingoni. Sikumwonyesha daktari, dresa gani huyo wa kupanga foleni? Nikajipaka marhamu ileile asubuhi na jioni, nene kama samli iliyoganda. Muwasho ukatulia, nikajisifu. Lakini baka likazidi kutanuka wiki hadi wiki, nami nikazidi kupaka, shingo nikaifunga kitambaa.

Alhamisi moja nikaenda kunyolewa kwa ajili ya Ijumaa. Baraza ilikuwa imejaa watu. Mzee Shomari, vidole vyake vimepona kabisa, akakivuta kile kitambaa.

"Mwanangu, hiki choa, si ukurutu. Umekilisha nini hata kikanenepa hivi?"

"Mafuta ya nazi tu, mzee."

Akapitisha kidole shingoni mwangu, akakinusa. Harufu ile aliijua vizuri. Akaukunja wembe wake.

"Kesho wahi foleni dispensari," alisema, baraza nzima ikisikia. "Pale yupo dresa mmoja, atakufundisha kupaka."