Majina Kwenye Stensili

Siku Albert alipomwona Adolphine kwa mara ya kwanza, alikuwa na wino hadi kwenye viwiko na akaona haya kumpa mkono. Ilikuwa mwaka wa pili wa vita. Mwanamke yule alisimama mlangoni mwa ofisi ya kanisa mjini Baraka, miguu imejaa vumbi la njia ya kutoka kijiji cha Lubondja. Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni na kutoa madaftari manne ya shule yaliyofungwa kwenye nailoni.

"Ni we unazungukisha ile mashini ya roneo, Papa?"

Albert alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameishia darasa la sita, na kwa miaka kumi na nne kazi yake ilikuwa kuchapa kwa mashine hiyo nakala za nyimbo na matangazo ya ndoa.

"Basi utakuwa wa kwanza kusoma kitabu yangu," alisema Adolphine. "Usicheke tu."

Alikuwa mwalimu, na shule yake vita vilikuwa vimeifunga. Ndani ya madaftari aliandika jinsi nyumba saba za Lubondja zilivyomficha Nyiransabimana, mjane wa watu wa milimani, pamoja na wanawe, wakati watu wao walipokuwa wakisakwa na wenye bunduki, mpaka walipopata njia ya kupanda hadi Minembwe, kwao milimani. Kiwanda kimoja cha uchapaji cha Wakristo ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kilikuwa kimemwahidi kwamba kitakichapa kitabu hicho, mradi kiwe ushuhuda wa kweli. Na katika kanisa lao ushuhuda haukuwa ushuhuda bila mashahidi. Mwishoni huandikwa majina yao, jina la baba na mtaa, kama kwenye kitabu cha ubatizo.

Kwa siku tatu Adolphine alipiga taipu kurasa zake kwenye stensili, karatasi laini za nta zinazotobolewa na herufi, naye Albert akazungusha mkono wa mashine. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina saba, ya wenye nyumba zile. La kwanza lilikuwa la Georgette, muuza mihogo. Albert aliyasoma polepole, mara mbili. Alitaka kusema neno. Alilisema siku ya tatu jioni, tena akiwa ameipa mashine uso.

"Mwalimu, haya majina. Benye bunduki bakiyaona?"

"Nikiyatoa, ba Kigoma batasema ni hadithi ya kutunga." Akazipanga karatasi zilizotoka. "Tangu niko mutoto ninaomba Mungu kitabu moja tu, yenye jina yangu juu. Ni zambi, Papa?"

"Mi sijui. Mi nazungukisha tu."

Adolphine alicheka, lakini usiku ule hakula, wala kesho yake. Ijumaa Félicité, mke wa mchungaji, alileta habari kutoka sokoni: wanaume wawili wenye silaha walikuwa wakiuliza ni nani kule Lubondja aliyewalisha watu wa milimani, na mmoja wao alikuwa amesikia kwamba kuna kitabu.

Adolphine alikaa mbele ya mafungu ya karatasi muda mrefu, mikono mapajani. Kisha akaanza kuchomoa ukurasa wa mwisho katika kila nakala, mmoja baada ya mwingine, akiulaza motoni jikoni kwa Félicité. Kurasa thelathini. Hakulia. Alisema tu kwamba Kigoma hawatakitaka tena, na Mungu alikuwa amesikia ombi lake hata hivyo.

Albert alimsaidia mpaka majivu yakapoa. Hakuna aliyekumbuka stensili. Tangu vita vianze, stensili mpya zilikuwa adimu Baraka, kwa hiyo Albert alikuwa na desturi ya kuzisafisha kwa mafuta ya taa na kuzianika kwenye waya nyuma ya ofisi, ili zitumike tena nakala zaidi zikihitajika. Mikono yake ilikuwa imezianika Alhamisi kwa mazoea, na ya ukurasa wa mwisho ikiwamo.

Jumamosi asubuhi wale wanaume wawili wa sokoni walifika ofisini. Walipekua kabati, wakamwaga nyimbo sakafuni. Mrefu wao akatoka nyuma kukojoa, akarudi na karatasi ya nta mkononi. Aliinyoosha dirishani, na mwanga ukapita kwenye kila herufi.

"Georgette, binti Patrice," alisoma. "Huyu ni nani?"

Albert aliinama, akaanza kuokota karatasi za nyimbo. Ndipo Adolphine alipoingia kutoka kanisani, Biblia kwapani. Aliitazama ile karatasi, kisha akamtazama Albert, bila hasira.

"Ni mutu nilitunga," alisema. "Bote saba nilibatunga. Hakukuwa hata mujane. Nilitaka jina yangu ikae ku kitabu, afande, basi nikaongopa nikaita ushuhuda."

Albert alimsikia akiukana ukurasa ambao yeye mwenyewe aliuamini kuliko zote alizowahi kuandika. Yule mrefu alikunja stensili na kuitia mfukoni.

"Tutaenda kuuliza Lubondja kama ulitunga muzuri. Kesho. Leo utakuja na sisi ku kambi."

Alimruhusu achukue viatu vyake, alivyokuwa ameviacha chini ya mashine alipokwenda kuomba. Adolphine aliinama kuvivaa karibu na miguu ya Albert, akafunga kamba taratibu, na bila kuinua kichwa akasema kwa sauti ndogo:

"Usinifuate, Papa. Enda Lubondja sasa hivi, na kule usione haya, piga hodi ku kila mulango ya bale saba."