Vidonge vya Akiba

Winifred amesoma sahani za maabara za kuoteshea bakteria kwa miaka kumi na minne, na hakuna daktari aliyewahi kumrudishia majibu. Ila nyumbani kwake Kinyinya, juu ya kabati, ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vidonge vilivyobaki: vya mtoto aliyepona kikohozi, vya jirani aliyehama, vyake mwenyewe. Mama yao aliwalea hivyo, yeye na kaka yake, kule Karagwe, zahanati ikiwa mwendo wa nusu siku. Ukipata nafuu acha kumeza, mbakizie mwenzako. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini kuhusu mganga anayewaganga ndugu zake kwa mabaki walinyamaza kimya.

Kaka yake Cyprian ni fundi wa vitanda Gisozi. Mwezi wa pili msumeno ulimchana kiganja cha kulia, naye akaenda kwa dada yake, maana apange foleni ya nini na Winifred yupo? Winifred akafungua kopo, akamhesabia vidonge kumi na viwili, akarudi kupepeta mchele. Alijua dozi haitimii. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwao.

Sasa usaha umefika mfupani, na daktari wa upasuaji anangoja kitu kimoja tu, sahani ya Cyprian, walimooteshwa bakteria wa jeraha lake. Ikipatikana dawa moja inayowaua bakteria hao, mkono unabaki. Isipopatikana, kesho asubuhi wanaukata.

Winifred aliitoa sahani kwenye kabati la joto. Viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa vilikuwa palepale alipovipanga jana, na pale ambapo pangekuwa na uwazi kukizunguka kila kimoja kama dawa ingewaua, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni. Alipima kwa rula hata hivyo, akaandika. Hakuhisi kitu. Siku tatu sasa alikuwa hahisi kitu, hata chai alikunywa bila kujua kama ina sukari.

Mugeni, daktari mkuu wa maabara, akachungulia begani kwake.

"Huyu bakteria iko na pampu," alisema. "Dawa inaingia, yeye anaitoa nje. Inaingia, anaitoa."

Winifred aliwaza mashine za wajenzi wa Kinyinya, zinazovuta maji ya mvua kutoka kwenye shimo la msingi. Mvua kubwa huishinda mashine. Manyunyu hayaishindi, na vidonge vichache ni manyunyu: wenye pampu dhaifu hufa, wenye pampu kali hubaki na kuzaana. Hakuhitaji kuelezwa ni nani aliyewanyunyizia.

Ilibaki sahani ya pili. Humo dawa ilichanganywa na unga wa majaribio unaoziba zile pampu. Alifunua kifuniko, akaona duara safi, pana, jeusi kama sakafu iliyodekiwa. Moyo ukamruka.

"Daktari, wamekufa! Tazama, wamekufa!"

"Wamekufa kwa sahani," Mugeni alisema polepole. "Ule unga ni sumu, dada. Hakuna mtu anapewa."

"Najua."

Alijua kweli. Moyo ukatulia upesi, ganzi ikarudi ilipokuwa. Akapeleka majibu kwa daktari wa upasuaji, kisha akapanda ngazi kwenda wodini, kwa kuwa aliona ni haki kaka yake asikie kutoka kwake.

Cyprian alikuwa ameketi kitandani, akiukagua ukingo wake kwa mkono wa kushoto. Mbao mbovu, alisema, hiki kitanda hakifiki mwakani.

"Enhe, Wini. Majibu?"

"Wataukata, kaka. Kesho."

Cyprian aliutazama mkono uliofungwa bandeji. Winifred alitaka kulia, machozi hayakuja. Alitaka kusema habari za kopo, akanyoosha shuka badala yake.

Cyprian akakumbuka kitu. Aliingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, akahangaika, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Nilikuwa nasahau," alisema. "Nilimeza vidonge vitatu tu, uvimbe ukashuka. Hivi nikakubakizia. Virudishe koponi, watoto wako hawaishi kukohoa."

Vilikuwa tisa. Mama yao angemsifu. Winifred alivipokea kwa mikono yote miwili, kama walivyolelewa, akamwambia asante.