Mama Kamusi na Magari ya Deraya

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kamusi, naye hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha lugha ya kigeni katika shule ya sekondari ambayo paa la maabara yake lilivuja mpaka hadubini zikaota ukungu. Mumewe, fundi saa, alizoea kuwaambia wateja kwamba mkewe husahihisha watu hata usingizini.

Siku moja mkuu wa shule alimwita ofisini. Jeshi lilikuwa limepokea magari ya deraya arobaini, yaliyonunuliwa kwa mkopo kutoka nchi ambayo Mama Kamusi aliijua lugha yake fika. Kampuni iliyoyauza ilimleta fundi wa kuwafunza madereva, na fundi huyo hakujua neno hata moja la Kiswahili.

"Wiki mbili tu," mkuu alimwambia. "Taifa linakuhitaji."

"Na kidato cha tatu je?"

"Hao watasubiri. Wameshazoea."

Karakana ya jeshi ilinuka rangi mbichi. Fundi mgeni alikuwa mzee mpole aliyependa kupangusa miwani kila baada ya sentensi. Kati ya madereva, Mama Kamusi alimtambua sajenti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Darasani walimwita Kiroboto, maana hakuwa akitulia.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Nchi nzima hii, kweli wamekukabidhi wewe gari?"

Wenzake wakaangua kicheko.

Siku ya nne mgeni alifungua mlango wa nyuma wa gari moja, akazungumza kwa sauti ya chini. Mama Kamusi alimsikiliza hadi mwisho. Mlango ule uliendeshwa kwa umeme. Betri ikifa haufunguki, na walio ndani hawana pa kutokea. Kulikuwa na mkono wa chuma wa kuufungulia, lakini uliuzwa peke yake, na mkataba haukuutaja.

"Anasemaje?" aliuliza Kanali aliyesimama pembeni.

Mama Kamusi akamnong'oneza. Kanali akawatazama madereva, kisha akatazama saa yake.

"Hilo liache. Utawatia watu kiwewe bure. Nenda kwenye somo la taa."

Akaenda kwenye taa.

Nyumbani jioni ile alipika akasahau chumvi. Alikaa, akasimama, akapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Mumewe akaweka chini kioo chake cha kukuzia.

"Mke wangu, una nini? Uko kama mtu aliyemwagiwa upupu."

"Leo nimewadanganya watu."

"Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Alipomaliza kueleza, mume alifunga kisanduku cha vifaa vyake. "Mimi sina la kukushauri," alisema. "Ila najua hutalala."

Kweli hakulala. Asubuhi, kabla mgeni hajafumbua mdomo, aliwageukia madereva. "Jana kuna jambo nililiruka," alisema, akalitoa lote polepole, kama anayesoma imla. Kiroboto aliinuka, akaingia ndani ya gari, akaomba wenzake waufunge mlango na kuzima umeme. Wakamsikia akiupiga mlango kwa bega, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlango haukutikisika.

Kanali hakupaza sauti. "Mwalimu, kazi yako imekwisha." Askari mmoja akamsindikiza hadi getini. Mgeni, ambaye hakuelewa kilichotokea, alimpungia mkono kwa furaha.

Mwezi mmoja baadaye Kiroboto alimpigia simu. Wachomeleaji wa karakana walikuwa wamechonga mikono ya milango kwa nondo, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Tumefikisha ishirini na sita, Mwalimu. Lakini tumeambiwa tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Hatujaambiwa."

"Gari lako linao?"

"Langu linao."

"Na hayo kumi na manne?"

Kiroboto akavuta pumzi. "Wamo vijana wazuri sana mle," alisema, na simu ikakatika.

Siku mbili baadaye madirisha ya darasa yalianza kutetemeka. Kidato cha tatu kikakimbilia dirishani. Mama Kamusi aliwafokea warudi kwenye madawati, wakarudi. Kisha yeye mwenyewe akaacha chaki juu ya meza, akatoka mbiombio hadi langoni. Magari yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, milango imefungwa, nyuso hazionekani. Alianza kuyahesabu. Vumbi likamwingia machoni, na hesabu ikampotea kwenye kumi na tano. Mkuu wa shule alimwita arudi ndani. Hakugeuka mpaka la mwisho lilipokata kona.