Fremu za Bolti za Hezron

Hezron, kaka wa mume wangu, alikuwa akichapa fulana pale Tunduma, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya maegesho ya malori. Jumapili alipiga ngoma kanisani. Fremu zake za kuchapia alizigonga kwa kidole akisikiliza, kama alivyoigonga ngoma kabla ya ibada.

Zilikuwa za mbao, vitambaa vyake vyembamba vya kupitishia rangi vimepigiliwa misumari midogo. Masika ya mwaka 2008 mbao zilipinda kwa unyevu na vitambaa vikalegea. Akazisogeza kwenye jiko la mkaa, maana ndivyo ngozi ya ngoma inavyokazwa. Haikusaidia. Fulana za kwaya ya Nanyala, zenye nembo ya mshumaa wa rangi mbili, zikatoka mshumaa huku, moto wake unawaka peke yake kule.

Nesta, kiongozi wa kwaya, alizirudisha bila maneno mengi. Alisema zikitoka hivyo tena, kazi yao wataipeleka Mbeya. Makanisa mengine yote yalimjua Hezron kupitia kwaya ile.

Hezron akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa muuza vifaa, Mzambia tuliyemwita Ba Mulenga. Mimi ndiye niliyekuwa namwanikia fulana, nikafuatana naye, mwanangu Osea mgongoni. Ba Mulenga aliweka mezani fremu za aina mbili, zote za aluminiamu. Moja kitambaa chake kilikuwa kimegandishwa kwa gundi, tayari kwa kazi. Nyingine ilikuwa na mabomba yanayozunguka kuvuta kitambaa, na bolti pembeni; ikilegea, unakaza kwa spana.

Hezron alizigonga zote. Ya gundi ililia vizuri zaidi. Aliishika kwa muda, kisha akairudisha.

"Hii leo inaimba," aliniambia. "Siku ikinyamaza nitaifanyaje, shemeji?"

Akachukua mbili za bolti, moja kwa kila rangi, na kitambaa kimoja cha akiba. Ba Mulenga alimwonya akaze kidogo kidogo, akiache kitambaa kipumzike, ndipo akaze tena. Tulipofika kibandani, Hezron akakaza mfululizo, sikio karibu na fremu, akiitafuta sauti ya ngoma yake. Kitambaa kikachanika toka kona hadi katikati. Osea akashtuka, akalia. Hezron akaweka spana chini, akatoka kunawa mikono isiyokuwa na uchafu.

Cha akiba alikikaza kidogo, akakiacha kilale. Kesho yake akakaza tena, akaacha tena. Fremu ya pili nayo vivyo hivyo. Alipozigonga zilitoa sauti fupi, butu.

"Ngoma hii nisingeiingiza kanisani," akasema. Lakini akachapa.

Nesta alikuja mvua ikinyesha. Alitoa fulana moja kwenye waya, akaweka kidole kwenye mshumaa na kukipandisha taratibu. Moto ulikuwa umekaa juu ya utambi wake. Akatazama nyingine, kisha ile ya mwisho kabisa.

"Na za kwaya ya watoto utachapa wewe," akamwambia.

Hezron aliitikia, akachukua spana, akainamia fremu kuzikaza upya. Hakuzigonga.