Daftari Nililorudisha Stoo

Mimi nina hasira, na sitamwomba mtu radhi kwa kuwa nayo. Nilichuma majani chai miaka ishirini na miwili kwenye shamba moja la kampuni nje ya Kericho. Nilichezea timu ya mpira ya shamba hilo kama beki wa kati, na magoti yalipokataa nikafanywa katibu. Kazi ya katibu ilikuwa kuandika. Nilikabidhiwa daftari gumu, jekundu, na katibu aliyenitangulia, naye alikabidhiwa na mwingine. Humo mlikuwa na kila mechi: nani alifunga, nani alivunjika, nani alipelekwa zahanati kwa trekta.

Mashine za kuchuma zilipoletwa, zilikuja na fundi kutoka Japani wa kutufundisha kuziendesha. Tulijipanga kumchukia. Jioni ya pili akashuka uwanjani na jezi ya rangi ya chungwa iliyopauka, akaomba namba. Alikuwa na mguu wa kushoto mtamu, Mungu amsamehe.

Jezi ilikuwa ya klabu ya mkoani kwao, huko nako wanalima chai. Tukiwa kwenye nyasi tunavua viatu, alitusimulia historia ya klabu hiyo kwa Kiswahili cha kuokoteza. Ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Watu walitoka zamu wakaingia kucheza na pamba kichwani. Ligi ya kulipwa ilipokuja, wenye kiwanda wakasema hawana haja ya mpira tena. Watu wa mji wakakataa. Wauza samaki, walimu na wakulima wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi, na timu ikawa yao. Ikapanda hadi daraja la kwanza, ikashuka, ikashuka tena hadi la tatu, ikakaa huko miaka na watu wake wakinyeshewa jukwaani, kisha ikaanza kupanda upya. Ubingwa wa nchi haijauonja.

"Hata mara moja?" akauliza kipa wetu.

"Hata mara moja," akasema fundi, na akacheka kwa raha zake.

Alikuwa na kitabu cha klabu hiyo. Ukurasa mzima ulikuwa picha ya nyanya aliyewafulia jezi tangu enzi za kiwanda. Akanieleza kwamba kiwanda kilipotaka kuuchukua uwanja, watu walifungua rekodi zao wakaonyesha nani amecheza pale na nani amefyeka nyasi zake. Nami nikamtolea daftari langu. Alilipokea kwa mikono miwili, vile sisi hupokea kitu cha mzee.

"Hii, usipoteze," akaniambia.

Nilimcheka. Katibu gani hupoteza daftari lake?

Fundi akarudi kwao, mashine zikabaki. Haikupita miezi mingi tukaitwa, tukaambiwa kazi imekwisha. Vidole vyangu vilijua majani mawili na chipukizi hata nikifumba macho, na chuma kile hakijui jani wala kijiti. Niliambiwa asante na mtu ambaye hakuniangalia usoni.

Sasa sikiza upuuzi wangu. Kwenye shamba hutoki bila klirensi. Unapiga foleni stoo na kila ulichopewa: kikapu, aproni, gambuti, ufunguo wa nyumba, hata balbu. Karani anatia alama, unaweka sahihi, unapewa nakala. Tulifunzwa tangu siku ya kwanza kwamba kitu chenye muhuri wa kampuni si chako. Nimemwona mama wa watu akirudi kwa miguu kutoka Litein kurudisha kikombe cha bati.

Daftari lilikuwa na muhuri kwenye jalada. Nikaliweka juu ya kikapu changu.

"Mzee, hii haiko kwa listi," karani akasema.

Nikamwambia aliongeze. Hakuna aliyeniomba, nilijipalia makaa mwenyewe. Nikatoka stoo kifua mbele, mtu mwaminifu.

Tulitawanyika, wengine Litein, wengine Merigi, lakini Jumapili baada ya ibada tulirudi kucheza palepale. Halafu tukasikia kampuni itajenga banda la mashine juu ya uwanja wetu. Nikawakumbuka wauza samaki wa Japani. Tukaunda kamati, tukakusanya sahihi kurasa tisa, tukaomba kikao na meneja tuachiwe uwanja.

"Nawasikia, wazee wangu," akasema meneja. "Lakini hii timu imekuwa ya wananchi tangu lini? Mko na rekodi?"

Nikakimbilia stoo. Karani akakuna kichwa, akasema makaratasi ya zamani yalipelekwa kiwandani kuwashia boila. Lile bomba la kiwanda cha chai nimeliangalia likitoa moshi maisha yangu yote.

Nilichobaki nacho ni nakala ya klirensi. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa karani: daftari moja, historia ya timu. Chini yake tarehe na muhuri. Nikasema moyoni, hii inatosha, angalau inaonyesha tulikuwepo. Nikaipeleka kwa meneja, nikaiweka mezani. Aliisoma, akaigeuza inielekee, akaweka kidole.

"Mzee, hapa wewe mwenyewe umesema ni mali ya kampuni. Hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu.

Banda limesimama, mlango wake uko pale palipokuwa goli la juu. Kampuni naichukia na sioni haya, lakini hasira hiyo ni nyepesi kubeba. Nimenunua daftari lingine Litein, halina muhuri wa mtu. Alasiri kipa huja kwangu, tunakunywa chai, tunajaribu kukumbuka. Tukikwama, labda ni nani alifunga bao la pili ile siku ya mvua ya mawe, kipa huweka kikombe chini akanitazama. Jibu lilikuwa limeandikwa, na yeye alikuwa nyuma yangu kwenye foleni nilipomwambia karani aongeze mstari.